Pumzi Arobaini kwa Dakika

Kasongo, Jumatatu 9 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo saa nane mchana na kuacha potopoto, matope matupu, mpaka kwenye kizingiti cha karakana. Nimeanza daftari hili kwa sababu Théophile, mkuu wa chama chetu cha vifaa vya zahanati, anataka kila kosa na kila marekebisho yaandikwe. Najijua: nikianza kuandika makosa sitanyamaza kuhusu mengine.

Kazi yenyewe ni hii. Mtoto akizaliwa bila kupumua, mkunga humvika barakoa ndogo usoni na kuminya ambu, ule mpira wa hewa, mara arobaini kwa dakika. Akienda mbio anaumiza mapafu. Akichelewa, mtoto anakosa hewa. Chama kimeniomba kisanduku chenye skrini inayoshika mwendo huo: mviringo wa buluu ukipanuka, mkunga anaminya, ukisinyaa, anaachia. Dakika moja ikiisha, skrini inabadilika na kuuliza: Mtoto anapumua? Ndiyo, au Hapana. Ukigusa Hapana, mviringo unarudi.

Nusu sekunde kupanuka, sekunde moja kusinyaa. Sichori kila kitu mwenyewe. Kuna maktaba ya programu iliyoandikwa na watu wengine kwa ajili ya skrini ndogo kama hizi. Mimi naiambia tu: chukua kitu hiki, kianzie hapa, kiishie pale, kwa muda huu, kisha kirudi, wala kisichoke. Leo mviringo umetembea kwa mara ya kwanza. Théophile alisimama nyuma yangu dakika nzima bila neno, kisha akasema, "Asma, hii inapumua kabisa."

Sijawahi kufanya kazi na mtu anayenielewa hivi.

12 Septemba

Nimeongeza mdundo: mviringo ukifika mwisho wa kupanuka unapitiliza kidogo, halafu unarudi. Unapendeza sana.

Kabambare, 17 Septemba

Siku mbili njiani kwa pikipiki ya Héritier, dereva wetu. Tumeanguka mara tatu, kisanduku nimekikumbatia kama mtoto.

Mama Rehema ndiye mkunga mkuu wa maternite, nyumba ya kujifungulia, hapa. Ana miaka thelathini ya kazi na saa ndogo ameibana kifuani kwa pini. Alikiweka kisanduku mezani, akakitazama bila kukaa.

"Mbona inaruka?"

"Ni urembo tu, mama."

"Mapafu ya mutoto haiko mupira, binti yangu. Sonia ataona vile, naye ataminya kwa nguvu. Toa."

Sonia, muuguzi kijana anayefanya kazi chini yake, alitazama pembeni ili asicheke. Mama Rehema akaishika saa yake, akahesabu kwa midomo mpaka dakika ikaisha.

"Tena iko inachelewa. Minapata makumi tatu na sita."

Nilimwambia kompyuta haikosei kuhesabu. Alinitazama anavyowatazama, nadhani, waume wanaokuja kumwambia kwamba siku za wake zao hazijafika.

18 Septemba

Ni thelathini na sita.

Maktaba haijui saa. Mimi ndiye ninayeiambia, kila mara, kwamba milisekunde kadhaa zimepita. Nilikuwa naiambia hivyo kila nikimaliza kuchora, lakini kuchora kwenyewe kunakula muda ambao sikuuhesabu. Kwa hiyo dunia ya ndani ya kisanduku ilikuwa inaishi polepole kuliko ya nje, na mviringo wangu ulitembea kwa saa ya uongo. Nimeihamishia kazi hiyo kwenye kipima muda cha chipu yenyewe, kisichongoja mchoro wowote. Sasa ni arobaini. Na mdundo nimeutoa.

Mama Rehema amehesabu tena, akasema, "Sawa," akaenda kunawa mikono. Neno la asante hana.

Kasongo, 23 Septemba

Kisanduku cha tatu kimeganda mara moja, mviringo ulipokuwa umerudi baada ya swali. Nimezima, nimewasha, kimeendelea. Pengine betri.

1 Oktoba

Visanduku vinne vimeondoka: viwili Kabambare, kimoja Lusangi, kimoja Nyangwe. Théophile amepiga picha nyingi. Baba amesoma dua kabla Héritier hajafunga mzigo, na Héritier, ambaye ni Mkatoliki, akaitikia amina kwa sauti kuliko sisi wote.

6 Oktoba

Mvua.

9 Oktoba

Mvua. Tumeeneza sahani za jua za kuchajia betri uani lakini hakuna jua la kula.

14 Oktoba

Ujumbe kutoka kwa Sonia: mtoto wa kiume alizaliwa kimya, akalia baada ya dakika moja ya ambu na mviringo. Nimeusoma mara sita. Mwishoni ameongeza kwamba Mama Rehema bado anawalazimisha kuhesabu kwa mdomo, hata kisanduku kikiwa kimewashwa. Yeyote anayenyamaza anafokewa mbele ya wagonjwa. Kwa nini tulihangaika basi? Mama yule ni mkaidi tu. Hataki kupitwa na kitu kisicho na miaka thelathini.

25 Oktoba

Wageni, wafadhili wetu, watatoka Kindu tarehe 25 Novemba kuvitazama visanduku. Wakiridhika, tutatengeneza vingine ishirini. Théophile ameyarudia hayo mara tatu leo, kila mara kwa sauti ya juu zaidi.

Kabambare, 6 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Nilikuja kubadilisha betri. Saa nne asubuhi aliingia mama mmoja aliyekuwa na uchungu tangu jana yake, amebebwa kwa kitanda cha miti kutoka mbali. Mama Rehema aliniambia nitoke, kisha akabadili neno: "Baki pale ukutani. Usiguse kitu."

Mtoto alitoka wa kijivu. Hakulia. Walimpangusa, wakamsugua mgongo. Hakuna. Mama Rehema alibaki na mzazi, kwa sababu damu ilikuwa nyingi. Akamwachia Sonia mtoto. Sonia akamlaza mezani, akaweka barakoa, akakiwasha kisanduku kwa kiwiko. Mviringo ukapanuka. Sonia akaanza kuhesabu kwa mdomo, lakini sauti ikamfia hofu ilipomzidi, akabaki na macho tu. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda na kushuka pamoja na rangi yangu ya buluu, na mimi pale ukutani nikaona fahari. Naiandika hiyo pia.

Dakika ikaisha. Swali likaja. Sonia akagusa Hapana. Mviringo ukarudi, ukapanuka mara moja, mbili, mara ya tatu ukajaa skrini yote.

Ukabaki pale.

Sonia alikuwa ameminya ambu, naye akabaki hivyo hivyo. Alikuwa anangoja mviringo umwambie aachie. Sijui zilipita sekunde ngapi, mimi ambaye kazi yangu ni sekunde.

"Sonia!" Mama Rehema hakugeuka hata kidogo, mikono yake yote ilikuwa kwa mzazi. "Mbona sikusikii? Achia! Puliza! Mbili, tatu. Puliza! Mbili, tatu. Sema na miye!"

Sonia akaanza kusema naye. Kisha wanawake waliokuwa nyuma ya pazia, ndugu za mzazi, wakaanza kusema nao bila kujua wanasemea nini. Puliza, mbili, tatu. Nyumba nzima. Kisanduku kilikuwa kimekaa kando na duara lake la buluu lisilotikisika, kama jicho la samaki.

Mtoto alikohoa kabla ya kulia. Wa kike.

Baadaye Mama Rehema alikuja uani nilikokuwa nimechuchumaa. Nilidhani atanifokea. Aliniuliza tu, "Ile ingine, yenye iko Lusangi, iko sawa na hii?"

"Ndiyo, mama."

"Na ya Nyangwe?"

"Zote ni sawa."

Akavichukua visanduku vyake vyote viwili, akavifungia kabatini, akaweka ufunguo mfukoni.

7 Novemba

Nimelipata.

Maktaba ina adabu yake. Ukikifuta kitu kwenye skrini, na mwendo ukiwa umefungwa kwenye kitu hicho hicho, inauzima mwendo yenyewe. Lakini mimi nilitaka mviringo na namba za chini yake viende pamoja, basi nikaufunga mwendo kwenye kifurushi changu mwenyewe. Kifurushi hicho maktaba haikijui. Nilipouondoa mviringo ili kuleta swali, mwendo wake haukusimama. Uliendelea kumtikisa mtu asiyekuwepo, ukiandika mahali pa kumbukumbu ambapo si pake tena. Mara nyingi panakuwa patupu na hakuna linalotokea. Siku nyingine kitu kingine kimeshahamia pale, na kisanduku kinaganda.

Ulitakiwa mstari mmoja. Simamisha mwendo, ndipo ufute.

Tarehe 23 Septemba nilikiona kikiganda, nikaandika "pengine betri".

8 Novemba

Théophile kwa simu, mtandao ukikatika kila dakika.

"Kimeganda mara moja, Asma. Mara moja tu."

"Mara moja tuliyoiona."

"Wageni wanakuja siku kumi na saba zijazo. Tengeneza polepole, utavibadilisha wakishaondoka. Ukienda kuvinyang'anya sasa, kila zahanati itasema mashini zetu zinaua watoto. Hatutapewa kazi tena, si mimi si wewe."

"Na mtoto akizaliwa kesho Lusangi?"

Nilidhani mtandao umekatika.

"Usiende," akasema, na hapo ndipo ukakatika kweli.

Mtu aliyesema inapumua kabisa! Nimeona haya kwa jinsi nilivyomsifu katika daftari hili.

Lusangi simu haishiki. Nilimweleza Mama Rehema kila kitu, hata ile ya betri. Alisikiliza akikunja vitambaa, kisha akasema, "Kila mutu iko na siku yenye aliona na akanyamaza. Miye niko nazo mbili, na majina ya wale watoto minayajua. Asubuhi muende."

9 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Daraja la miti limeondoka na maji. Héritier amekwenda kulitazama, amerudi na potopoto mpaka mabegani. "Leo hapana, da Asma."

10 Novemba

Tumelala kijijini, ng'ambo ya pili. Vijana wanne waliibeba pikipiki kwa mti begani, maji yakiwafika kifuani. Nilivuka nimeshika fundo la foronya niliyofungia kompyuta. Ninahesabu siku: tangu kisanduku kifike Lusangi ni siku thelathini na saba.

Lusangi, 11 Novemba

Tulifika saa tano. Zahanati ni nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu. Muuguzi anaitwa Bruno, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, labda miaka thelathini na mitano. Nilikuwa bado nimesimama na kofia kichwani nilipomwambia nimekuja kukichukua kisanduku, kina kasoro, kinaweza kuganda.

Aliweka kalamu chini.

"Kuganda namna gani?"

"Mviringo unasimama. Mara nyingi baada ya swali."

Akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Alikaa muda mrefu hivi kwamba Héritier akatoka nje.

"Alihamisi," akasema. "Tarehe saba. Kilisimama. Miye nikafikiri ni mikono yangu. Nikafikiri nimegusa mubaya. Nikakipiga hivi, nikakizima, nikakiwasha. Mutoto iko pale, na miye niko na mashini." Akanyoosha viganja vyake akavitazama. "Alikuwa amechoka sana, ule mutoto. Alitoka na moyo wa polepole. Pengine hata bila ile angeenda. Lakini niliacha kupuliza, dada. Nusu dakika, pengine kupita. Sijamwambia mutu."

Tarehe saba. Siku hiyo nilikuwa Kabambare nikiutafuta mstari wangu, nikifurahi kuupata.

Nikamwambia si mikono yake. Nikamweleza kama nilivyoeleza humu. Nilitazamia nini? Kwamba atanishukuru? Alisimama akanifokea mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Ya kwamba siku nne hajala. Ya kwamba alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Ya kwamba sisi watu wa Kasongo tunaleta vitu, tunapiga picha, tunaondoka. Kisha akavaa viatu vyake.

"Twende kwa mama ya mutoto. Utasema weye mwenyewe."

Anaitwa Feza. Mume wake yuko machimboni na alikuwa hajarudi hata baada ya mazishi. Alikuwa anamenya mihogo na matiti yake yamelowesha nguo, maziwa yasiyo na wa kuyanywa. Sikuweza kuangalia kwingine. Nilisema. Nilisema vibaya, nikirudia maneno. Bruno hakunisaidia.

Feza hakulia. Akauliza, "Kama ile kitu haingesimama, angepumua?"

"Sijui, mama."

Akamgeukia Bruno. "Na weye?"

"Sijui, Feza. Siwezi kukudanganya."

Akafuta mikono kwenye kitenge. "Iko wapi? Sikuiona. Nilikuwa nimelala, niliona tu mwangaza kwenye ukuta. Nionyeshe."

Nilitaka kukataa. Bruno akaitikia kwa kichwa: mpe. Nikakiwasha, nikakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Mviringo ukapanuka, ukasinyaa. Feza alikitazama dakika nzima, na nikaona kifua chake kimeanza kwenda nacho bila yeye kujua. Kisha swali likaja. Alilisoma polepole, kwa kidole, neno moja moja.

Mtoto anapumua?

Akagusa Hapana.

Mviringo ukarudi ukaanza tena, mzuri, wa buluu, bila kosa lolote. Hakikuganda. Nilikizima kwa sababu sikuweza kuendelea kukitazama.

"Kwenda sasa," Feza akasema, akarudi kwenye mihogo yake.

12 Novemba

Njiani. Héritier, ambaye husimulia kilomita zote, naye amenyamaza.

Kasongo, 15 Novemba

Nilikwenda moja kwa moja karakanani, na maneno yangu ya kumpasua Théophile nimeyapanga tangu Lusangi. Nikamkuta amekaa juu ya ndoo, amefungwa bandeji mguu wa kulia, na mbele yake kisanduku cha Nyangwe.

"Pikipiki iliteleza karibu na mto," akasema. "Kilikuwa hakijatumika. Nimewauliza mara mbili."

"Ulisema nisiende."

"Nilisema. Halafu nikashindwa kula." Hakunitazama usoni. "Lusangi?"

Nikamwambia. Akafunika uso kwa mikono miwili, akaketi hivyo mpaka adhana ya alasiri. Maneno yangu yote niliyoyapanga yakanipotea. Bado nina hasira naye. Lakini si mtu yule niliyemwandika tarehe nane, wala si yule wa tarehe tisa Septemba.

25 Novemba

Wageni wamekuja, watatu. Théophile alianza kwa picha na karibu nifikiri atapita juu ya mambo. Alipofika picha ya Lusangi akasimama, akasema, "Hapa tumefanya kosa, na mtoto amekufa. Hatujui kama ni kwa sababu yetu. Asma ataeleza." Nikaeleza. Mmoja wao aliandika, wawili waliacha kuandika. Hawakuahidi chochote. Chai ilipoa bila kunywewa.

Kabambare, 3 Desemba

Mstari upo sasa, na mwingine unaochunguza kama mviringo umesimama. Ukisimama, skrini inazimika kabisa, kwa sababu giza halimdanganyi mtu. Nimekifanya kifanye kazi siku tatu mfululizo bila kupumzika, na kosa halikujirudia. Nikampelekea Mama Rehema nikiamini atafungua kabati.

Hakufungua. Alinipa ambu na mwanasesere wa kufundishia. Hajawahi kuniuliza kama nimewahi kushika ambu, alijua. Nimeandika mwendo huu miezi mitatu na mikono yangu haijawahi kuufanya.

"Bila mashini. Kwa mudomo."

Mara ya kwanza nilipata hamsini na mbili. Hofu inaharakisha. Mara ya pili barakoa ikavuja. Mara ya saba nilipata arobaini na moja, vidole vikiwaka moto, sauti imekauka.

"Kitakuwa cha kujifunzia," akasema. "Hapa kwenye meza ya mwanasesere. Kule ndani hapana. Kule ndani mutu anasema, na mwenzake anasikia."

Zamani ningeandika: mkaidi. Alihesabu nami mara zote saba, na ana magoti mabovu.

Kasongo, 12 Desemba

Mvua imepungua tangu juzi. Leo saa tatu asubuhi, Bruno amesimama mlangoni mwa karakana, mkoba begani. Ametumia siku tatu njiani. Hakukaa.

"Nionyeshe ule mustari."

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha mahali ulipokuwa haupo, na mahali ulipo sasa. Alisogeza uso karibu na skrini, akausoma herufi kwa herufi, lugha asiyoijua.

"Ni huu tu?"

"Ni huu tu."

Kisha akasema Jumamosi alizalisha mapacha, wa pili akatoka kimya, naye akahesabu kwa mdomo huku nyanya yao akimwitikia. Wote wawili wananyonya. Alisema kama mtu anayetoa taarifa, bila furaha. Barua yake ya kuacha kazi, anasema, bado iko kwenye droo.

"Feza ndiye amenituma. Anataka karatasi. Uandike kile kilikosekana, kwa Kiswahili, asome mwenyewe. Watu kule wanasema mambo mengi. Mume wake amerudi, naye anasema mambo."

Nilichana ukurasa wa daftari hili. Mara ya kwanza niliandika kuhusu kifurushi na kumbukumbu, nikaufuta, hautamfaa. Mwishowe niliandika hivi, na hapa naweka nakala:

"Mama Feza. Mimi ndiye niliyeandika kazi ya kile kisanduku. Nilitakiwa kuusimamisha mwendo wa picha kabla ya kuiondoa picha. Sikufanya hivyo, na kwa sababu hiyo kisanduku kiliganda mtoto wako akiwa mezani. Niliwahi kukiona kikiganda kabla sijakileta kwenu, sikuchunguza. Kama angepumua au asingepumua, hakuna anayejua, na sitajifanya najua. Muuguzi Bruno hakukosea. Asma binti Djamali, Kasongo."

Nikampa Bruno. Aliisoma amesimama, midomo ikitembea. Alipofika pale penye jina lake, alinyoosha mkono nyuma bila kuangalia, akatafuta kiti.